Mbona Jack hakupanda ubaoni? Jibu kwa baharia wa Shela

Swali: "Assalaam alaikum, mwalimu. Mimi ni mtu wa Shela, Lamu, mashua ndiyo kazi yangu. Juzi tulikuwa barazani tunaizungumza ile picha ya Titanic, ubishi ukawa mkubwa. Yule msichana yuko juu ya ubao, na ubao wenyewe mpana, watu wawili wanalala bila kusukumana. Kijana yuko majini ameshika ukingo tu mpaka akafa. Mbona hakupanda? Sisi huku mtu chombo kikimpindukia hushika dumu, akakaa majini usiku kucha, asubuhi akaokotwa mzima. Wenzangu wanasema mtengeneza picha alikosea, au alitaka tu watu walie. Na mwisho yule bibi amelala au amefariki? Tutolee ubishi."

Waalaykum salaam, nahodha. Nimefurahi swali hili limetoka kwa mtu wa bahari, maana nusu ya jibu lake unayo wewe mwenyewe, na nusu nyingine imo katika maji ambayo wewe wala mimi hatujayaogelea. Wala msione haya kwa kubishana. James Cameron, aliyeiandika na kuiongoza picha hiyo, ameulizwa jambo hilihili tangu ilipotoka mwaka 1997, mpaka mwisho likamlazimu kulifanyia majaribio ya kweli na watu wa kweli ndani ya maji ya baridi. Nitakueleza alichokiona.

Kwa ufupi: ubao ule ulikuwa na nafasi ya watu wawili, haukuwa na nguvu ya kuwabeba wawili. Na Jack, yule kijana, hakufa maji. Alikufa kwa baridi.

Kwanza kuna jambo ambalo karibu kila mbishi hulisahau. Watu husema kijana hakujaribu hata kupanda. Alijaribu. Itazameni tena ile sehemu. Meli imekwisha kuzama, Jack anamvuta Rose, yule msichana, mpaka kwenye ubao, Rose anapanda, naye Jack anatia uzito wake ukingoni ili amfuate. Ubao unainama, unapinduka, wote wawili wanarudi majini. Ni sekunde chache tu. Kisha anampandisha Rose peke yake na yeye anabaki ameshika. Ukiwa unafuta machozi, au umegeuka kumwambia mwenzio neno, imekupita. Lakini ipo, na Cameron aliiweka makusudi: walijaribu wawili wakapinduka, akachagua.

Sababu ya kupinduka unaijua kuliko mtu wa bara. Siku za mashindano, tanga limejaa upepo na mashua inakwenda joshi, si mnatoa ule ubao nje ya chombo upande wa upepo, mabaharia wakaukalia? Mmoja akiteleza ndani kabla ya wakati, chombo kinalala. Na hiyo ni mashua yenye mkuku, ule mti wa chini unaokishika chombo, yenye farumi ya viroba vya mchanga, yenye nahodha anayejua kila mtu wake ana uzito gani. Ubao wa Rose hauna mkuku wala farumi, hauna matengo ya kuushikilia kama ngalawa. Ni kitu bapa juu ya maji. Ukikitia mzigo katikati kinatulia, ukikitia ukingoni kinageuka. Na mtu aliye majini hana njia ya kupanda isipokuwa ukingoni.

Tuseme wangepata mizani. Hapo inakuja hesabu, nami nakuomba univumilie kidogo, kwa sababu ubishi wote wa barazani unakatika hapa.

Kile kitu si mlango, ingawa dunia nzima inakiita mlango. Watengenezaji walikiiga kutoka kipande cha kweli cha mbao za Titanic kilichookotwa baharini, sehemu ya nakshi za juu ya mlango wa ukumbi wa abiria wa daraja la kwanza. Kipande hicho kimehifadhiwa mpaka leo katika makumbusho ya bahari mjini Halifax, Kanada. Mtu aliyekulia Lamu, akapita kila siku chini ya nakshi za milango ya Mkomani, atakitambua mara moja ni kazi ya namna gani. Ni mwaloni, mti mgumu ambao uzito wake haupishani sana na mvule.

Sasa chukua ubao wa mti wa aina hiyo, kwa mfano wangu tu, wenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1 na unene wa sentimita 10. Ukiuzamisha wote unasukuma lita 200 za maji, na lita 200 za maji ya chumvi zina kilo 205 hivi. Ubao wenyewe una kilo kama 140. Ukitoa, zinabaki kilo 65. Hizo kilo 65 ndizo nguvu zake zote za kubeba kitu kilicho nje ya maji. Msichana mmoja atakaa, na hata yeye nguo zake zitaloa. Mwongeze kijana wa kilo 65 au 70, ubao utashuka chini ya uso wa maji. Hautakwenda mpaka chini ya bahari. Utaelea, lakini wao watakuwa wamelala ndani ya maji, si juu yake.

Ndiyo maana dumu lenu linaokoa watu. Mwili ukiwa ndani ya maji karibu hauna uzito, maji yenyewe yanaubeba, na dumu tupu la lita 20 linawatosha watu wawili watatu wakilishika tu. Mwambie mmoja wao alikalie, aone. Kwa hiyo ule upana wa ubao mnaoubishania unajibu swali la nafasi, haujibu swali la kuelea. Macho yanaona nafasi. Uzito hauonekani.

Nawasikia wenzako wakisema: hata ukishuka kidogo, si wangekaa tu, maji yamewafika tumboni, mpaka waokolewe? Hapa Shela wangekaa. Kule wasingeweza, na hapa ndipo ile methali ya wazee, maji usiyoyafika hujui wingi wake, inaposema kweli tupu.

Bahari yetu ina joto la nyuzi 25 mpaka 30 mwaka mzima. Usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Aprili 1912, bahari ya Atlantiki pale ilipozama Titanic ilikuwa karibu nyuzi 2 chini ya sifuri. Maji ya kisima yangekuwa yamekwisha kuganda kuwa barafu, ila chumvi ndiyo iliyoyazuia yale ya bahari yasigande. Ukitaka kuonja, nenda kwa wavuvi wenye sanduku la barafu, utie mkono mmoja katika maji yaliyoyeyuka chini yake, uuache dakika moja. Utautoa kwa maumivu. Sasa fikiria mwili mzima, usiku, na nguo za sufu zimelowa.

Wataalamu wanaoshughulikia baridi wamelipima jambo hili. Profesa Gordon Giesbrecht wa Kanada analifupisha kwa namba tatu, 1, 10 na 1. Dakika ya kwanza, mwili unashtuka, mtu anavuta pumzi kwa nguvu bila hiari yake, na kama kichwa kiko chini anavuta maji. Akiipita hiyo, ana kama dakika 10 za mikono na miguu kumtii, kisha damu inakimbilia ndani kulinda moyo, vidole havikunji tena. Hawezi kushika kamba, hawezi kujivuta juu ya kitu. Halafu kama saa 1, zaidi au pungufu, mpaka fahamu zipotee. Haya ni kwa mtu mzima mwenye afya. Jack hakuwa na jaketi la kuokolea maisha. Rose alikuwa nalo.

Meli ilikwenda chini saa 8 na dakika 20 usiku, kwa hesabu ya saa ya Kiswahili. Meli ya Carpathia iliyokuja kuokoa ilifika kama saa 10 alfajiri. Titanic ilikuwa na watu zaidi ya 2,200, na maboti 20 yenye nafasi ya watu 1,178, na mengi yaliondoka hayajajaa. Watu kama 1,500 walikufa, na wengi wao walikuwa wamevaa majaketi yao, wakielea vizuri kabisa. Picha inaionyesha hali hiyo pale boti moja linaporudi kutafuta, likapita katikati ya miili iliyoelea. Jambo hilo linaniuma kila ninapoitazama, kwa sababu si hadithi ya kubuniwa. Afisa Harold Lowe alirudi kweli, naye aliwakuta wachache mno walio hai. Waliobaki hawakukosa kitu cha kushika, nahodha. Walikosa muda.

Na hata kwetu, mtu asidhani maji ya vuguvugu hayaui. Mwili una nyuzi 37, bahari yenye nyuzi 26 inauibia joto saa baada ya saa, na ukiongeza upepo wa kusi usiku mtu hudhoofika kabla ya alfajiri. Abiria wako wavae majaketi.

Basi baridi ndiyo jibu, lakini mbona watazamaji wengi hawakuliona? Nadhani kwa sababu jibu lilisemwa mapema sana, na mahali ambapo sisi tulikuwa tunatazama jambo jingine.

Rudi mwanzoni, usiku ule Rose anapotaka kujirusha baharini. Yuko wapi? Yuko tezini, nyuma kabisa ya meli, ameruka reli. Jack anamkuta pale. Hambembelezi kwa maneno ya mapenzi, wala hajamjua bado. Anamweleza habari za maji. Anasema alipokuwa mdogo huko Wisconsin alikuwa akivua samaki juu ya ziwa lililoganda, barafu ikapasuka akatumbukia, na baridi ile ikamchoma mwili mzima kama visu vingi, asiweze kupumua wala kuwaza kitu chochote ila maumivu. (Ziwa analolitaja, Wissota, ni la bwawa lililojengwa miaka michache baada ya 1912, kwa hiyo hapo kweli kuna kosa la tarehe. Wenzako wakitaka kosa, wachukue hilo.) Watazamaji wengi husikia kijana anamtisha msichana asijiue. Mimi nasikia mtunzi anatueleza Jack atakufa vipi. Kutoka hapo mpaka kifo chake zinapita zaidi ya saa 2, katika picha ya saa 3 na dakika 14. Nani anakumbuka?

Mtunzi alijua tutasahau, kwa hiyo akaturudisha. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na picha hii imejengwa kama safari hiyo. Wanakutana tezini. Wanapendana omoni, pale wanaposimama mbele ya meli Rose amenyoosha mikono. Halafu meli inapoanza kusimama wima kuzama, wanapanda wapi? Tezini tena, kwenye reli ileile, na Rose mwenyewe anakumbusha kwamba hapa ndipo walipokutana mara ya kwanza. Lile neno si la mapenzi tu. Linatuita tukumbuke kilichosemwa mahali pale. Msichana aliyeambiwa habari za maji ya baridi tezini, sasa kutoka tezini hiyohiyo anaingia ndani yake, pamoja na yule aliyemwambia.

Pengine mara ya kwanza uliiona kwenye banda la video, dijei akitia maneno yake ya Kiswahili juu ya sauti za wachezaji. Nawaheshimu madijei wale, wametufungulia sinema watu wengi tusiokuwa na lugha. Lakini pale tezini dijei akiamua kuchekesha, ile hadithi ya ziwa inapotea, na ikipotea hiyo, kifo cha mwisho kinaonekana cha bure. Itafute ile isiyotiwa maneno, usikilize hapo tu.

Hata hivyo sitamsafisha Cameron kwa kila kitu. Baridi ni kitu kigumu kukionyesha. Bahari ile mnayoiona ni maji ya tangi, ukungu wa pumzi uliongezwa kwa kompyuta, na barafu ya nywele ni unga na nta. Jicho la mtu wa Shela linaona maji tu, na maji kwake ni nyumbani. Na ubao ule ni mpana mno kwa macho. Cameron mwenyewe alikuja kukiri kwamba angejua, angeutengeneza mdogo zaidi usilete shaka. Nakubaliana naye. Mtazamaji akilazimika kupiga hesabu ya kilo wakati wa kulia, mtunzi amemwachia kazi isiyo yake.

Sasa hayo majaribio. Mwaka 2012 kipindi cha televisheni cha Marekani kinachoitwa MythBusters kilionyesha kwamba jaketi la Rose lingefungwa chini ya ubao, ubao ungepata nguvu ya kuwainua wote wawili. Hesabu yao ni sawa, unaiona mwenyewe: ni kama kufunga madumu chini ya chelezo. Cameron akajibu kwamba mtu apige mbizi katika maji ya chini ya sifuri, afunge mafundo chini ya ubao kwa dakika kadhaa, akirudi juu atakuwa amekwisha. Nikikumbuka zile dakika 10 za vidole, naona jibu lake lina nguvu. Kufunga fundo ni kazi ya vidole, na vidole ndivyo vinavyotangulia kufa.

Halafu mwaka 2023, katika filamu ya kumbukumbu ya miaka 25, akaweka watu wawili wenye miili kama ya wale wachezaji ndani ya maji ya baridi, na ubao wa kipimo kilekile, na vipimo vya joto mwilini, na mtaalamu wa baridi kando. Walijaribu namna kadhaa. Katika namna moja walipata mizani wote wawili, vifua vikawa nje ya maji, na Rose akampa Jack jaketi lake. Hapo ilionekana Jack angeweza, pengine, kuvuta mpaka boti lije. Kwa hiyo ukiulizwa barazani kama ilikuwa haiwezekani kabisa, sema ilikuwa inawezekana kwa watu waliojua la kufanya tangu mwanzo, wenye muda wa kujaribu mara nne. Jack alijaribu mara moja akaona Rose amerudi majini. Mimi ningekuwa yeye nisingejaribu ya pili, maana kila kupinduka kunamrudisha Rose kwenye ile dakika ya kwanza.

Linabaki hili la wenzako, kwamba alitaka tu watu walie. Cameron halikatai. Amewahi kusema Jack alikufa kwa sababu ukurasa wa 147 wa mswada unasema anakufa, na kama si ubao kingekuwa kitu kingine. Ni hadithi ya mapenzi na kutengana, bila kifo kile ingekuwa hadithi nyingine.

Lakini ninahisi kinachowauma ni kingine. Sote tuliokulia kwenye mabanda ya video tulifunzwa kanuni moja: steringi hafi. Anapigwa risasi, anaangushwa ghorofani, anainuka. Akifa, tunajua kuna kosa mahali, na tunaanza kulitafuta. Hapa tumelitafuta kwenye ubao. Naomba niwaulize, steringi wa picha hii ni nani? Nani anayeisimulia kutoka mwanzo mpaka mwisho? Nani anabadilika, anayeanza amefungwa na mama na mchumba, akamaliza amejichagulia hata jina? Ni Rose. Baada ya Jack kunyamaza, ni yeye anayeshuka kutoka ubaoni kwa hiari yake, akarudi katika maji yaleyale, akaogelea mpaka kwenye maiti ya afisa, akachukua filimbi, akapuliza mpaka boti likageuka. Kila mtu anabishania kwa nini Jack hakupanda, na hakuna anayezungumzia Rose kuteremka. Kwa macho yangu hiyo ndiyo sehemu kubwa kuliko zote, na kwa kanuni yetu ya banda la video hakuna kilichokosewa. Steringi hakufa.

Na hiyo inanifikisha kwa bibi, yaani Rose uzeeni mwake. Picha haitamki, mtu anaweza kushika upande wowote, lakini mimi nasema amefariki, na ushahidi uko wazi. Pale majini Jack alimwambia hatakufa usiku ule wala kwa namna ile, atakufa mzee sana, kitandani, amepata joto. Mwisho tunamwona wapi? Kitandani, amefunikwa, ana miaka 100. Kamera inapita polepole kwenye picha zake: amepanda farasi mguu huku na mguu huku kama Jack alivyomwahidi kumfundisha, yuko na ndege, yuko na samaki mkubwa. Ni mtu aliyetimiza kila alichoambiwa atimize. Limebaki moja.

Kisha anaingia melini, taa zinawaka, watu wamesimama ngazini wanamngoja. Watazame nyuso zao mmoja mmoja. Ni wale waliokufa na meli: rafiki wa Jack, mhandisi aliyeisanifu meli, wapiga muziki. Mama yake Rose aliyeokoka hayupo, mchumba aliyeokoka hayupo. Jack yuko juu kabisa, karibu na saa ya ukutani, na saa ile inaonyesha saa 8 na dakika 20.